Marehemu Anaomba Figo

Kimutai alifariki dunia Jumamosi asubuhi, akiwa jikoni kwake Lanham anakaanga mayai. Alikuwa amevaa kaptula na soksi, anapiga mluzi wimbo wa kanisani, na katika watu wote wa Maryland na Virginia yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kupata habari.

Wa kwanza kuzipata alikuwa mkewe, Nkatha. Ndiyo kwanza alikuwa ametoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi ya kuwaogesha na kuwageuza, hajavua hata viatu, simu ikaita. Ilitoka Springfield, Virginia. Mwanamke alilia, akashindwa kusema, akakata. Ya pili ilitoka Annandale. Mwanamume aliomba dua ndefu yenye mafuriko na mabonde, akajiitikia amina mwenyewe, akakata. Wa tatu alikuwa mtu wa vitendo. Aliuliza kama mwili bado uko hospitali au umeshahamishwa.

"Mwili gani?" Nkatha akauliza.

"Pole, dada. Najua bado hujaamini."

Nkatha akachungulia jikoni. Mwili ulikuwa umefungua kabati la juu unatafuta chumvi, ambayo madaktari waliukataza.

"Kimutai, weka chini hiyo chumvi," akamwambia. "Halafu kuja uone. Ati umekufa."

Wakasoma pamoja, vichwa vimegusana juu ya simu. Ujumbe ulikuwa kwenye grupu la Umoja wa Faraja, chama cha Wakenya na majirani zao wa eneo lile, na aliyeuandika ni mwenyekiti mwenyewe, Bwana Kimani, dalali wa nyumba, mtu wa suti na salamu ndefu:

*Kwa masikitiko makubwa tunawaarifu wapendwa wote kuhusu marehemu Kimutai wa Lanham, mume wa Nkatha na baba wa Bridget. Marehemu anaomba figo. Aliye tayari kumpa awasiliane na familia. Tutakutana kesho Jumapili alasiri katika ukumbi wa kanisa, Lanham, kwa maombi na mchango. Bwana alitoa na Bwana ametwaa.*

"Si mbaya," Kimutai akasema baada ya kufikiri. "Angalau wameandika kwamba naomba."

Bridget, binti yao wa mwaka wa mwisho wa sekondari, alitoka chumbani na simu yake mkononi. Akasema, kwa Kiingereza kama ilivyo desturi yake, kwamba kwenye grupu baba amepata vipicha vya mikono iliyokunjwa na mishumaa vingi kuliko pongezi zote alizowahi kupata tangu azaliwe. Kisha akamshika baba yake mkono, akaukaza, akarudi chumbani bila kusema lingine.

Hapo mlango ukagongwa kwa viganja vyote viwili. Alikuwa Vaileth, rafiki wa Nkatha wa zamani, mzaliwa wa Mbeya, anayefanya naye kazi zamu moja. Khanga ilikuwa kiunoni tayari na mdomo umeshafunguka kwa kilio. Aliyemfungulia ni Kimutai, na kikaango mkononi.

"Karibu, shemeji. Marehemu anakaanga mayai. Utakula?"

Vaileth alimtazama juu hadi chini, akamgusa bega kwa kidole kimoja, halafu akamchapa kofi la mgongo. "Mjinga wewe! Nimelia barabara ya Beltway nzima! Watu wamenipigia honi!"

Akaketi, akala mayai, akalia upya, safari hii kwa hasira.

*

Tusiwaonee watu. Kosa lile lilikuwa na mama aliyelizaa.

Mafigo ya Kimutai yalikuwa yamechoka kabla ya mwenyewe. Alikuwa dereva wa basi la shule, mtu wa kuamka kabla ya jogoo wa mtu yeyote. Sasa kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alilazwa kwenye kiti karibu na mashine, damu yake ikitolewa, ikasafishwa, ikarudishwa. Foleni ya kungoja figo la mtu aliyekufa ni ya miaka. Nkatha alipimwa akakataliwa, presha yake iko juu. Bridget hajafikisha umri. Ndugu wa Kimutai kule Nandi Hills, Kenya, alijitolea siku ileile aliyoambiwa, akanyimwa viza, akaomba tena, akanyimwa tena. Basi daktari akawaambia: kawaambieni watu wenu. Msione haya. Semeni kanisani, semeni kwenye vyama, mtu mzima mwenye afya anaweza kutoa moja akaishi na moja. Bima inalipa yote.

Kawaambieni watu wenu. Daktari alikuwa hawajui watu wenyewe.

Nkatha alimwendea Kimani ofisini kwake, akakalishwa chini ya picha za nyumba asizoweza kununua. Kimani akamsikiliza huku akitingisha kichwa.

"Shida, dada, grupu iko na kanuni. Tunatangaza msiba, harusi na mahafali. Figo haimo."

"Kwani ni lazima mtu afe ndiyo mumtangaze?"

"Sio lazima. Anaweza kuoa."

"Mwenyekiti, andika tu kwamba mwenzenu ni mgonjwa."

"Sasa hiyo ya mgonjwa inaandikwaje?" Kimani akauliza, na safari hii hakuwa na hila. "Sijawahi kuandika. Niko na ile moja tu."

Alisema kweli. Mwenzao Ghati wa Annandale alilala na saratani kutoka kipupwe hadi kipupwe, na mgeni wake pekee alikuwa kijana wa kuleta dawa, ambaye hakuvuka kizingiti. Alipokufa, ukumbi wa hoteli ulifurika. Kulikuwa na sare za kitambaa kimoja, mpiga picha aliyeagizwa kutoka New Jersey, na wanawake wakasukumana nani atazirai karibu na jeneza. Wako waliosahau. Wako pia wasiosahau. Umoja wa Faraja ulijua kumsafirisha maiti kutoka Lanham mpaka mlangoni kwa mama yake kijijini bila kupoteza hata kofia. Kumpelekea mgonjwa uji kutoka mtaa wa pili, hapo njia ilikuwa haijulikani.

Basi Kimani alichukua ile moja aliyonayo, akatoa jina la Ghati, akatia la Kimutai, akaongeza habari ya figo katikati kama mtu anayechomeka kitambaa kwenye koti la mwenzake, akatuma.

Jumamosi ile Nkatha alimpigia.

"Mwenyekiti, mume wangu yuko hai."

"Hai kivipi?"

"Hai. Anakula."

"Pole... ama niseme hongera. Sasa, dada Nkatha, tusikimbie. Watu wameguswa. Wametuma mchango hata wale hatujawasikia tangu wapate makaratasi ya uhamiaji."

"Hatukuomba pesa. Tuliomba figo."

"Najua. Lakini pesa ndiyo imekuja."

"Futa huo ujumbe."

"Kufuta ni rahisi. Shida ni kwamba mtu ameshakufa mbele ya grupu nzima, huwezi kumfufua kimyakimya. Kamati itaonekana aje? Wewe njoo kesho. Tutalisema kwa utaratibu. Nitaliweka kwenye ajenda."

"Utaweka kwenye ajenda kwamba mume wangu hajafa?"

"Mengineyo," Kimani akasema. "Itaingia kwenye Mengineyo."

Nkatha akajaribu kuandika mwenyewe kwenye grupu. Simu ikamjibu kwamba wanaoruhusiwa kutuma ujumbe ni viongozi peke yao.

*

Jumapili ndiyo siku mbaya kwa wenye ugonjwa ule. Damu inakuwa imekaa tangu Ijumaa bila kusafishwa, na mtu huvimba na kuishiwa pumzi. Kimutai aliteremshiwa kiti cha gari nyuma, akalala hapo kwenye maegesho ya kanisa, ndara miguuni kwa sababu viatu vilikataa. Bridget akakaa naye.

"Nenda umalize hiyo maneno," akamwambia mkewe. "Wakikuuliza nilikuwa mtu wa aina gani, usiwadanganye."

Nkatha aliingia na gauni la kijani. Hakupiga hatua tatu. Wanawake wa kamati walimdaka, wakamfunika mtandio mweusi, wakamkalisha mbele kabisa kati ya mama wawili wanene wenye mikono mizito. Mbele yake ilisimama picha ya Kimutai, imekuzwa mpaka imefifia, ile ya kitambulisho cha kazini, ambayo jicho moja limefumba nusu. Nyuma meza zililia kwa uzito wa pilau, mukimo na chapati.

"Nina neno," Nkatha akasema.

"Shh. Lia kwanza, mama."

"Sina cha kulia. Kimutai—"

"Utapewa nafasi mwisho, kwenye shukrani za familia."

Vaileth, ukutani nyuma, alinyoosha mkono. Akaambiwa ratiba imejaa.

Wakaanza. Wa kwanza kushika kipaza sauti alikuwa bwana mmoja wa Springfield, koti refu, kitambaa cha machozi kimepigwa pasi.

"Ndugu zangu, nimeumia. Kumbe Kimutai alikuwa anaomba figo! Laiti ningalijua! Mimi niko na mafigo mawili, nayafanyia nini? Ningalimpa moja. Tena la kulia!"

Ukumbi ukaguna kwa kuridhika. Mtu wa pili, Mkongo mmoja mwenye miwani ya dhahabu, hakukubali kuachwa nyuma. "Vraiment, kweli kabisa, mimi ningalimpatia yote mbili. Kaka yangu yule." Wa tatu, mama wa kwaya, akapiga kifua, akasema mafigo ni madogo, yeye angalitoa hata ini. Ukumbi ukaguna zaidi. Kwa muda wa nusu saa watu wa Umoja wa Faraja walichinjana wenyewe kwa hiari, maini huku, mafigo kule, mmoja akataja bandama, na lau maneno yangalikuwa nyama pasingalikuwa na haja ya pilau.

Nkatha alihesabu kwa macho. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa hajaambiwa. Bwana wa Springfield alielezwa na Nkatha mwenyewe, kwenye mlango wa kanisa hilihili, naye alimjibu, "Mungu ni mwema," akakimbilia gari.

Lugha yetu imewawekea waoga mlango wa nyuma, na mlango wenyewe unaitwa -ngali-. Ukisema *nitampa*, umejifunga kamba. Ukisema *ningalimpa*, umetoa, umesifiwa, na mfuko wako mzima.

Ndipo akasimama Kalamu.

Kalamu alikuwa Mmarekani mweusi wa Washington, fundi wa lifti, mtu mzima mwenye mvi za kando. Kiswahili alikisoma ukubwani, kwenye darasa la Jumamosi, kwa sababu zake mwenyewe, na alikisema kama mtu anayevuka mto juu ya mawe: taratibu, bila kukosea hata jiwe moja. Kila mwaka alinunua tiketi ya karamu ya Jamhuri na kila mwaka alichekwa. Vijana walimjibu kwa Sheng ya mitaani makusudi wamwone akifungua kamusi. Siku hiyo alikuja na bahasha yenye kadi. Juu yake alikuwa ameandika kwa mkono: *Ugua pole*.

"Shikamooni," akawaamkia wote, wakiwemo watoto.

"Poa, mzee!" vijana wakaitikia, wakachekana.

"Nimesoma tangazo. Ndugu Kimutai anaumwa. Anahitaji figo. Nimewasikia wenzangu, nimefurahi sana kuona ukarimu huu. Mimi pia nitampa figo langu, iwapo litamfaa."

Kicheko kidogo kikaanza kule nyuma. Kimani akamsogelea kwa upole wa mwalimu wa chekechea. "Asante, mzee Kalamu. Hapo unasema *ningalimpa*."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu haiwezekani tena."

"Haiwezekani nini?"

"Kumpa."

"Lakini tangazo linasema *anaomba*. Hiyo ni -na-. Wakati uliopo."

"Kalamu, ndugu yangu. Tangazo limesema *marehemu*."

"Ndiyo." Kalamu akakunja uso, akatafuta jiwe la kukanyaga. "Marehemu: aliyerehemiwa. Mzizi wake ni rehema. Mwalimu alitufundisha. Nimeona ni neno zuri sana la kumwita mgonjwa."

Ukumbi ulipasuka. Watu waliinamiana, machozi yaliyokuwa yamegoma tangu saa tisa yakatoka yenyewe, mama wa kwaya akapiga meza chapati zikaruka. Hakuna matanga yaliyowahi kucheka hivyo. Na wale mama wawili wanene wakaondoa mikono yao mabegani kwa Nkatha ili wazibe midomo.

Nkatha akasimama. Akakichukua kipaza sauti mkononi mwa Kimani kama anavyowanyang'anya wazee wa kazini kwake visu vya matunda.

"Hapa ndani anayejua Kiswahili ni Kalamu peke yake," akasema. "Yeye ndiye amesoma tangazo mpaka mwisho. Mume wangu yuko kwenye gari."

Kicheko kikakatika. "Maskini," mtu akanong'ona, "msiba umeanza kumpanda kichwani."

Nkatha akapiga simu mbele ya wote. "Bridget, mlete baba."

*

Kimutai aliingia polepole, ameegemea bega la binti yake, ndara zikiburura sakafuni. Kitu cha kwanza kilichosikika ni kiti kuanguka. Cha pili ni bwana mmoja akikemea: "Shindwa! Shindwa!" Mama wa kwaya alipanda juu ya benchi, mtu ambaye goti lilimzuia kusimama kwa wimbo. Kijana wa Sheng aliyekuwa karibu na mlango wa dharura aliufungua, na king'ora cha mlango kikalia mpaka mtu akakumbuka kuufunga.

Kimutai akasimama mbele ya picha yake, akaitazama.

"Hii mngeniuliza," akasema. "Niko na nzuri kuliko hii."

Akapewa kiti. Nkatha hakungoja ajenda.

"Nimewasikia nyote. Huyu ametoa la kulia. Huyu yote mawili. Mama, wewe ulisema ini, lakini ini hatuhitaji, tutakuomba figo tu. Basi Mungu amewapa nafasi, amekuwa hai. Kesho hospitali iko wazi. Kupimwa ni bure, na mtu akibadili nia hata dakika ya mwisho, hawamwambii yeyote. Nani ataenda?"

Mama wa kwaya akashuka benchi, akaanza kutafuta mkoba wake.

"Dada," bwana wa Springfield akasema, akiangalia kitambaa chake, "unajua ile ilikuwa lugha ya msiba."

"Lugha gani?"

"Ya msiba. Mtu husema."

"Mimi ningeenda, ila niko na sukari," akasema mwingine.

"Mimi bibi yangu hawezi kukubali."

"Usinitaje," bibi yake akasema.

"Nafikiri tuombe kwanza," akashauri wa tatu. "Tusiende mbele ya Mungu."

Halafu, kama inavyokuwa watu wakiaibika wengi kwa pamoja, aibu ikageuka hasira na hasira ikatafuta pa kukaa. Waliodanganywa ni wao. Watu wameacha kazi. Watu wametoka Virginia na msongamano huu. Mwanamke mmoja alisema nusu analia kwamba yeye ameshaomba ruhusa ya msiba kazini mpaka Jumatano. Sasa atamwambia nini bosi?

"Mwambie nimepata nafuu," Kimutai akajibu.

"Huo ni utani wa aina gani?"

"Wa marehemu."

Kimani akainama sikioni kwake, lakini kipaza sauti alichokuwa amekirudisha mkononi hakikuwa kimezimwa. "Ndugu Kimutai, kuna jambo lingine. Nilikuwa nimelipa amana kwa wale wasafirishaji wa mwili. Hairudishwi. Lakini nimewauliza hapa sasa hivi. Wanasema inaweza kungoja."

"Asante, mwenyekiti. Na mimi nangoja."

Mkutano ulifungwa kwa sala ambayo haikutaja figo. Kila aliyetoa mchango akaahidiwa kurudishiwa, na ahadi hiyo, kwa kuwa ilikuwa ya pesa, ilisemwa kwa -ta-. Chakula kikagawanywa kwenye karatasi za foili, kikaondoka na wenyewe. Nkatha alipofika mlangoni, mmoja wa wale mama wanene alimfuata mbio, akauvuta ule mtandio mweusi kutoka mabegani mwake.

"Samahani, dada. Hii ni ya kamati. Ni ya wafiwa."

Hapo ndipo Nkatha alipolia. Katika siku zote mbili hakuwa ametoa chozi, akaja kulizwa na mtandio.

*

Kalamu alikuwa amesimama karibu na gari lao, bahasha bado mkononi.

"Dada Nkatha. Ni hospitali gani?"

"Nenda nyumbani, Kalamu. Mungu akubariki. Hukujua walichokuwa wanasema."

"Nilijua nilichokuwa ninasema mimi. *Nitampa*. Nilikosea?"

Vaileth akaingilia. "Kaka, ule ni mtindo tu wa kuzungumza."

"Mtindo wa kuzungumza nini?"

Vaileth akafungua mdomo. Amezaliwa ndani ya Kiswahili, ameolewa ndani yake, na akaishia kufunga upya khanga yake.

Kalamu akaegemea gari. Akasema alikuwa na dada aliyekaa kwenye mashine ileile, kule kusini-mashariki ya mji. Aliona haya kuomba. Alikuwa anasema watu wana shida zao. Yeye mwenyewe, kaka mtu, hakujua kama mtu hai anaweza kutoa mpaka siku ya mazishi, alipomsikia binamu akisema angalitoa. "Kwa Kiingereza nako wanayo hiyo -ngali-," akasema. "Sikuja kujifunza lugha nyingine ili niikute tena."

Kimutai alikuwa amelala kwenye kiti, amefumba macho, lakini alikuwa anasikia. Akanyoosha mkono dirishani, akachukua ile bahasha.

"Malkia atasemaje?" Nkatha akauliza. Malkia ni mke wa Kalamu.

"Atasema nimerukwa na akili. Halafu atauliza tutaenda saa ngapi."

Ikawa hivyo, ila hakikuwa kitu cha siku moja. Kalamu alitobolewa kwa sindano, akapigwa picha za ndani, akaulizwa na mwanasaikolojia kama amelipwa au ametishwa. Akaulizwa ana undugu gani na mgonjwa. Alijibu kwamba ni mwanafunzi wa lugha yake, na mwanasaikolojia akaandika kwa muda mrefu. Malkia alimuuliza mara tatu, kila mara kwenye gari, kama ana hakika. Kipupwe kikapita, miti ya Lanham ikachipua, na siku moja daktari akampigia Nkatha akiwa kazini, anamvisha mzee soksi. Figo limefaa. Nkatha alimkumbatia yule mzee, ambaye hakuelewa chochote lakini alifurahi naye.

Hakumwambia mtu wa Umoja hata mmoja. Lakini Vaileth alimwambia mmoja, kwa siri, na siri ina miguu. Usiku wa kuamkia upasuaji Kimani alipiga simu. Sauti yake ilikuwa imevaa suti.

"Dada Nkatha, tumefurahi sana kama kamati. Si unaona matunda ya ule mkutano wetu? Nitaliweka kwenye grupu."

"Mwenyekiti, tafadhali usiandike kitu."

"Usijali. Safari hii nitakuwa mwangalifu."

*

Asubuhi walikuwa wote wanne katika chumba cha kungojea, wanaume wawili wamevaa zile kanzu za hospitali zisizofunga nyuma, wanawake wawili wamewashikia suruali. Simu ya Malkia ilianza kutetemeka. Akaipokea, akasikiliza, akageuka kumwangalia mumewe, akaitazama simu.

"Kuna mwanamke analia," akamwambia Nkatha kwa Kiingereza. "Anasema mimi ni jasiri sana."

Nkatha akafungua grupu. Akasoma mara mbili, halafu akampa Kalamu asome mwenyewe, maana yeye ndiye msomaji.

*Kwa furaha kubwa, Umoja wa Faraja unawaarifu wapendwa wote kwamba marehemu Kalamu wa Washington amempa ndugu yetu Kimutai figo, kwa juhudi za kamati. Upasuaji ni leo. Salamu zitumwe kwa mkewe, Malkia, namba iko hapa chini. Bwana alitoa na Bwana ametwaa.*

Mishumaa ilikuwa imeshaanza kuwashwa chini yake, safu kwa safu.

Kalamu alisoma polepole, mpaka mwisho. Akatabasamu. "Aliyerehemiwa," akasema.

"Karibu," Kimutai akamwambia. "Huku kwetu kuna utulivu sana. Hakuna mikutano."

Walicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia mapigo ya moyo. Simu ya Malkia ikatetemeka tena. Kalamu akaomba aipokee yeye. Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya Springfield, nzito kwa machozi yaliyopigwa pasi.

"Pole sana, mama. Tumepoteza mtu. Laiti ningalijua kwamba anaenda kutoa figo, haki ya Mungu, ningalitoa langu mahali pake!"

"Shikamoo," Kalamu akasema. "Ni mimi, marehemu. Bado hawajanipasua, na kitanda cha pili kipo. Hebu rudia hapo, ndugu yangu, nisije nikakuelewa vibaya: ungalitoa, au utatoa?"

Simu ikakatika.